Kuipeleka Familia Makumbusho ya Kisumu, na Mengine ya Upande Huu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Shule zikikaribia kufungwa, simu yangu huanza kulia. Ni akina mama wa ploti yetu, walimu wa watoto kanisani, shemeji zangu walio Nakuru: "Wewe unayepeleka watoto makumbusho kila likizo, hebu nieleze." Maswali ni yale yale, kwa hiyo nimeyaandika hapa pamoja na majibu. Mengi yanahusu Makumbusho ya Kisumu kwa sababu ndiyo niliyoyazoea, lakini Nakuru, Maseno na Kitale nimezigusa pia.

## Kabla ya kuondoka nyumbani

Makumbusho ya Kisumu si ni mahali pa vyungu vya zamani tu?

Vyungu vipo, na vizuri sana. Lakini ua huo mmoja una pia matangi ya samaki wa ziwani, nyoka, mamba, kobe, boma zima la Kiluo la ukubwa wa kawaida, na ukumbi wenye wanyama waliokaushwa. Humo ukumbini kuna simba akimrukia nyumbu, na watoto wadogo husimama mbele yake bila kupumua. Makumbusho yalifunguliwa kwa umma mwaka 1980 na yako chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Mimi huyahesabu kuwa darasa la sayansi lililo karibu nasi kuliko yote.

Watoto wameona kwenye simu makumbusho ya ng'ambo yenye mitambo ya kubonyeza na kuzungusha. Haya yako hivyo?

Hapana, na uwaambie mapema ili wasifike wakitafuta vitufe. Yale wanayoyaona yanafuata njia iliyofunguliwa na sehemu kama Exploratorium ya San Francisco, iliyoanzishwa mwaka 1969 na mwanafizikia Frank Oppenheimer. Alitaka mgeni aguse, ajaribu, akosee, ajaribu tena, ndipo aelewe.

Kufanya hivyo hakuhitaji mtambo. Mtoto anayehesabu mara ambazo samaki anapanda kuvuta hewa anafanya jaribio. Anayepima kivuli chake asubuhi na adhuhuri anafanya jaribio. Tofauti ni kwamba hapa kwetu mtambo haumwiti mtoto kwa taa na sauti. Ni wewe mzazi utakayemwita. Ndiyo maana karibu kila jibu hapa chini lina kitu cha kufanya kwa mikono au kwa macho.

Yako wapi, na tutafikaje bila gari?

Yako kando ya barabara kuu ya kwenda Kericho na Nairobi, karibu na katikati ya mji. Matatu za Nyamasaria na Ahero zinapita hapo; mwambie makanga mapema kwamba unashuka museum. Tuktuk inafaa ukiwa na watoto wawili watatu na kikapu. Bodaboda ni ya mtu mmoja. Tafadhali usipakie watoto watatu juu ya pikipiki kwa sababu ni karibu.

Ni siku gani nzuri ya kwenda?

Hufunguliwa kila siku, pamoja na Jumapili na sikukuu. Fika saa mbili na nusu au saa tatu asubuhi. Jua la Kisumu likishapanda, saa saba hivi, watoto huchoka na wanyama hujificha kivulini. Katikati ya wiki wakati wa muhula, mabasi ya shule hujaa na mtoto mfupi haoni kitu mbele ya tangi. Mimi hupenda Jumapili asubuhi baada ya ibada ya kwanza, au siku za wiki wakati wa likizo.

Kiingilio kinalipwaje?

Kwa eCitizen, kupitia simu. Weka pesa kwenye M-Pesa kabla hujatoka nyumbani, na uhakikishe simu ina chaji. Nimeona familia ikisimama langoni na noti mkononi huku watoto wakilia. Bei ya raia wa Kenya, ya mkazi wa Afrika Mashariki na ya mgeni wa mbali si moja, na mtoto hulipa chini ya mtu mzima. Beba kitambulisho chako, na uitazame bei ya siku hiyo kwenye eCitizen unapopiga hesabu ya safari.

Tubebe nini?

Maji, kofia, na chakula cha kula nje chini ya mti, si ndani ya ukumbi. Halafu vitu vya kazi: daftari na penseli kwa kila mtoto anayeweza kuandika, rula, uzi wa mita mbili uliopimwa nyumbani, na kioo cha kukuza kama unacho. Saa ya mkononi au simu ya kuhesabu dakika pia. Uzi utaonekana hauna maana mpaka mfike kwa mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani.

Mtoto wa miaka mingapi anafaa?

Yeyote, mradi usimdai mambo ya mwingine. Wa miaka mitatu atapenda kobe na hatataka kuondoka hapo, mwache. Wa Gredi ya 4 hadi ya 6 ndio wanaofaidi zaidi, kwa sababu wanaweza kupima na kuandika na bado hawaoni aibu kuuliza. Wa sekondari mpe kazi ya kuwaongoza wadogo zake. Akipewa jukumu hilo hujifunza kuliko akiburutwa.

## Mkishaingia

Tuanze wapi?

Anzeni na walio hai. Mara ya kwanza nilianza na ukumbi, nikiwasomea watoto kila kibandiko. Tulipofika kwa samaki, wa mwisho wangu alikuwa amelala begani. Sasa tunaanza na samaki, kisha nyoka na mamba, tunakula, halafu boma, na ukumbi unakuja mwisho, wakati jua limekuwa kali na kivuli kinatakiwa.

Kwenye matangi ya samaki mtoto aangalie nini? Wangu aliona samaki tu.

Mtafutie kamongo. Huyu ana mapafu, na kamongo mkubwa akizuiwa kufika juu ya maji atakufa maji, ingawa ni samaki. Mwambie mtoto atazame saa: kamongo amekaa chini dakika ngapi kabla ya kupanda kuvuta hewa? Aandike mara tatu au nne. Kisha asimame mbele ya ngege kwa muda uleule aone kama naye anapanda. Ngege anapumua kwa matamvua, kwa hiyo tofauti itaonekana yenyewe daftarini. Mumi naye ana kiungo cha ziada cha kuvuta hewa, ndiyo maana kule sokoni utamkuta akirukaruka kwenye beseni wakati wenzake wamekwisha kufa.

Swali la pili ni la mdomo wa ngege. Jike huyatunza mayai na vifaranga wake kinywani. Waulize watoto: anakula saa ngapi? Waache wabishane kwanza, ndipo uwaambie kwamba siku hizo jike hali, au hula kidogo mno.

Mbuta ana ukubwa gani kweli? Na kwa nini watu wanasema aliharibu ziwa?

Mbuta huweza kufikia karibu mita mbili na kilo 200. Hapa ndipo uzi unapofanya kazi: unyosheni chini, kisha mtoto alale kando yake. Akiona samaki anaweza kumpita kwa urefu, hatasahau.

Hadithi yenyewe ni nzito na ni yetu. Mbuta hakuwa wa ziwa hili. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960. Ziwani mlikuwa na mamia ya aina za fulu, samaki wadogo wa rangi nyingi, kila aina na chakula chake na kina chake. Mbuta aliwala, na maji yalipochafuka fulu wakashindwa hata kutambuana rangi wakati wa kuzaana. Aina nyingi sana zimetoweka. Wakati huohuo minofu ya mbuta imelipa karo za watoto wengi wa Kisumu, Homa Bay na Busia. Mimi huwaeleza wanangu pande zote mbili kwa sababu zote ni kweli, na kwa sababu nyanya yao aliwala fulu wale wakati wao hawajawahi kuwaona.

Kwa mtoto mkubwa, ongeza hili: miaka kama 15,000 iliyopita Ziwa Victoria lilikauka. Ziwa la leo, lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800, halina kina kirefu, kama mita 80 tu pale penye kina zaidi. Aina nyingi za fulu zilitokea baada ya maji kurudi, na kwa wanasayansi wa viumbe hilo ni jambo la kasi ya kushangaza.

Nyoka wako salama? Na mtoto ajifunze nini zaidi ya kuogopa?

Nyoka wako ndani ya vizuizi. Kazi yako ni kuhakikisha hakuna anayegonga kioo, kutupa kitu au kupanda ukuta. Mwonyeshe mtoto ulimi unaotoka na kurudi: nyoka anakusanya harufu hewani kwa ulimi, na ncha zile mbili humsaidia kujua harufu inatoka upande gani. Mwonyeshe kwamba hapepesi macho, kwa kuwa hana kope. Muulize magamba yanafanana na nini mwilini mwake. Jibu ni kucha, kwani vyote vina keratini. Kwa la kuumwa, angalia sehemu ya mwisho.

Mamba amelala tu, mdomo wazi. Ni mgonjwa?

Si mgonjwa. Anapunguza joto kupitia kinywa, kama mbwa anavyohema. Hatoi jasho. Jambo jingine ambalo watoto hupenda kulirudia shuleni: dume au jike huamuliwa na joto la kiota ambamo yai lilikaa, si kama kwetu sisi.

Boma la Kiluo lina sayansi gani? Hiyo si historia?

Lina zote mbili, na mimi ndipo ninapokaa muda mrefu zaidi. Boma linaitwa Ber-gi-dala, na linaeleza pia jinsi Waluo walivyofika nchi hii ya ziwa. Nyumba ya mke wa kwanza, mikayi, inatazamana na lango. Ya pili, nyachira, na ya tatu, reru, ziko pembeni zake. Simba, yaani nyumba ya kijana asiyeoa, iko karibu na lango. Mtoto achore ramani hiyo kwa hatua: kutoka lango hadi kwa mikayi ni hatua ngapi? Hapo amefanya upimaji.

Kisha ingieni ndani. Mtoto aweke kiganja kwenye ukuta wa udongo, halafu mtoke awekee kwenye jua. Kwa nini ndani kuna ubaridi? Nyasi za paa zimeshika hewa katikati yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto haraka; udongo mnene nao huchukua muda kupata moto. Baadaye mtoto aingie nyumba ya mabati saa nane mchana atoe hukumu yake. Ghala, yaani dero, limeinuliwa kutoka chini: unyevu haupandi na panya anapata shida. Moshi wa jikoni ulikuwa ukifukuza wadudu wa paa. Aliyejenga hivyo alijua fizikia bila kuiita jina.

Kama mama mkwe au mjomba wako amekulia katika boma la namna hii, mwombe aje nanyi. Nimeona wageni wakiacha vibandiko wakamfuata nyanya mmoja aliyekuwa akiwaeleza wajukuu zake mahali pa kuweka mtungi.

Tuchukue mwongozaji?

Chukueni, hasa mara ya kwanza. Mwambie mapema umri wa watoto, na kwamba mnataka kuulizwa maswali badala ya kuhutubiwa. Wengi wao hufurahi.

Inachukua muda gani?

Saa mbili na nusu hadi tatu, pamoja na kula. Mtoto akichoka kabla ya hapo, ondokeni. Ni karibu, mtarudi.

## Tukitaka kwenda mbali zaidi

Pale Maseno, kwenye ikweta, ni kweli maji huzunguka upande mmoja kaskazini na upande mwingine kusini?

Maseno iko kama kilomita 25 kutoka Kisumu kwenye barabara ya Busia, na mstari wa ikweta unapita hapo kweli. Lakini maji ya beseni hayaongozwi na ikweta. Mzunguko wa dunia huelekeza dhoruba kubwa zenye upana wa mamia ya kilomita. Kwenye beseni, hatua chache kutoka kwenye mstari, nguvu yake ni ndogo mno. Kinachoamua ni jinsi maji yalivyomwagwa, umbo la chombo na mkono wa anayeonyesha. Kwa hiyo fanyeni jaribio lenyewe: bebeni beseni lenye tundu, acheni maji yatulie kabisa, mrudie mara kumi upande uleule mkiandika. Mtoto akiona majibu yanachanganyika, amejifunza kwamba onyesho moja si ushahidi.

Onyesho la kweli la ikweta ni kivuli. Karibu na tarehe 20 Machi na 23 Septemba, jua hupita juu ya utosi. Kwa kuwa saa yetu imewekwa kwa ajili ya mahali pa mashariki zaidi, adhuhuri ya jua Maseno haiji saa sita kamili. Machi huja saa saba kasoro dakika kumi hivi, na Septemba dakika chache baada ya saa sita na nusu. Simamisheni fimbo wima, mtaona kivuli kikimezwa na fimbo yenyewe.

Sisi tuko Nakuru. Kuna nini karibu?

Hyrax Hill, kando ya barabara ya Nairobi, nje kidogo ya mji. Mtafiti wa mambo ya kale Louis Leakey alipatambua mwaka 1926, na mkewe Mary Leakey akachimba mwaka 1937 na 1938. Makumbusho yake madogo yalifunguliwa mwaka 1965. Mtaona makaburi ya kale, mashimo ya makao yanayoitwa ya Wasirikwa, watu wa zamani wa huku, na vifaa vya kioo cheusi cha volkano. Kuna mbao za bao zilizochongwa kwenye mwamba. Bebeni kete na bao lenu mcheze kando, lakini yale ya mwambani msiyaguse.

Pandeni kilimani mtazame Ziwa Nakuru, kisha uwaambie watoto kwamba zamani maji yalifika mpaka chini ya kilima hiki, Nakuru na Elementaita zikiwa ziwa moja. Na kama mtamwona pimbi juu ya jiwe, mwambie mtoto kwamba ndugu wa karibu wa mnyama huyo ni ndovu na nguva. Hatakuamini, mruhusu asikuamini, aende akatafute.

Mkiwa na gari, endeleeni hadi Kariandusi, karibu na Gilgil, kwenye mashoka ya mawe ya watu wa kale sana.

Na Kitale?

Kitale ndiyo penye mizizi. Hugh Stoneham, aliyependa wadudu, ndege na vitabu, alianzisha makumbusho yake huko mwaka 1926. Baada ya kufa kwake mwaka 1966 mkusanyo huo ukaachiwa taifa, na makumbusho ya sasa yakafunguliwa mwaka 1974. Kuna msitu wa asili wa kutembea ndani yake, na mtambo wa gesi ya kinyesi. Bakteria wasiohitaji oksijeni humeng'enya kinyesi kilichochanganywa na maji, gesi ya methani ikatoka, na kinachobaki kikawa mbolea. Nyumbani mnaweza kulijaribu: kinyesi cha ng'ombe na maji katika chupa ya plastiki, puto mdomoni, mahali pa joto. Baada ya siku kadhaa puto huanza kuvimba. Iwe nje, mbali na moto.

Tunaweza kuona Kisumu, Maseno na hifadhi ya impala siku moja?

Mnaweza viwili, na kwa utulivu. Kisumu Impala Sanctuary iko ufukweni na inasimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, kwa hiyo kiingilio chake ni kingine. Kuhusu uchovu, soma jibu la "Tuanze wapi?"

## Hali za pekee

Mvua ikinyesha?

Maonyesho mengi yako nje. Mvua ya Kisumu hupenda alasiri, sababu nyingine ya kwenda asubuhi. Ikiwakuta, kimbilieni ukumbini, na ikikatika watoto wapime madimbwi yaliyobaki kwenye njia: dimbwi lipi linakauka kwanza, na kwa nini?

Mwanangu anaogopa nyoka sana.

Usimlazimishe wala usimcheke. Mwache abaki mbali na mtu mzima mmoja, wengine waende. Mpe kazi ya kuuliza wanaorudi: ulimi ulitoka mara ngapi? Safari ya pili au ya tatu ataomba mwenyewe kusogea.

Mtoto wetu ana usonji. Kelele zinamsumbua.

Nendeni mapema siku isiyo na shule, na mwonyesheni picha za mahali hapo siku moja kabla. Anzeni na kobe au samaki, penye utulivu. Ridhikeni na sehemu moja tu.

Nyanya ana miguu mibovu.

Aje. Kuna kutembea nje, kwa hiyo bebeni kiti cha kukunja, mmpeleke moja kwa moja bomani, na watoto wamfuate huko. Anayetumia kiti cha magurudumu apate mtu mwenye nguvu wa kumsukuma nje.

Watoto wanauliza: ukiumwa na nyoka kijijini ufanyeje?

Jibu kwa uzito. Usikate jeraha, usinyonye, usifunge kamba ya kubana, usipake dawa za mitaani. Mtulize mtu, vua pete na bangili, mkono au mguu ulioumwa usitikiswe, na mfike hospitali haraka iwezekanavyo. Swila akitema sumu machoni, osha kwa maji mengi safi kwa muda mrefu, kisha hospitali vilevile. Usimfukuze nyoka ili umpeleke daktari.

Mimi ni mwumini. Nimjibuje mtoto kuhusu mifupa ya kale?

Kwa ukweli, bila woga. Mwaka 1948, katika Kisiwa cha Rusinga, Mary Leakey alipata fuvu la kiumbe wa jamii ya sokwe lenye umri wa miaka kama milioni 18. Lilitoka katika ardhi yetu, na mtoto ana haki ya kulijua. Imani ya nyumbani kwenu mtaizungumza mezani kwenu. Mimi pia huizungumza na wangu, na sijaona mtoto aliyepoteza kimoja kwa kupewa kingine.

Mtoto akiuliza jambo nisilolijua?

Liandikeni daftarini kwa maneno yake mwenyewe, na tarehe. Muulizeni mwongozaji, kisha mwalimu. Binti yangu alisikia kwamba ziwa likikauka kamongo hujizika kwenye tope miezi mingi, akauliza: anakojoa wapi? Swali lilikaa daftarini muhula mzima. Jibu tulilipata likizo iliyofuata: hakojoi. Mwili wake hugeuza uchafu kuwa urea, akaubeba humohumo mpaka mvua irudi. Chini ya jibu ameandika swali jingine, kwa nini urea hiyo haimuui, na hilo tunaenda nalo Desemba.